Mbio za sakafuni huishia ukingoni: maswali yenu kuhusu ndege wa bip-bip

Toleo lililopita tuliomba maswali kuhusu filamu fupi za Road Runner, yule ndege wa katuni wa Warner Bros. anayekimbizwa jangwani na koyote aitwaye Wile E. Coyote. Filamu hizi zilitengenezwa kwa ajili ya kumbi za sinema, televisheni ikaja kuzirithi baadaye. Barua zilizofanana tumeziunganisha.

Mhariri, kijiweni kwetu tumebishana wiki nzima. Mmoja anasema ni mbuni, mwingine anasema ni kuku aliyevutwa shingo. Ni ndege gani huyu, na kwetu yupo? (Msomaji, Morogoro)

Nyote mmekosa. Ni ndege wa kweli wa nyika kavu za kusini-magharibi mwa Marekani na kaskazini mwa Mexico, na jina lake la kisayansi ni Geococcyx californianus. Kwetu hayupo, ila ndugu yake yupo, na huenda amelia nyuma ya nyumba yako asubuhi ya leo: tipitipi, ambaye wengine humwita dudumizi, mwenye mabawa ya rangi ya kutu na sauti kama ya maji yanayomiminwa kutoka chupani. Wote wawili ni wa familia ya kekeo. Ukitaka ushahidi tazama miguu: vidole viwili mbele, viwili nyuma. Ndiyo maana nyayo za ndege huyu mchangani huonekana kama herufi X, na ukizitazama huwezi kujua alikuwa anakwenda au anarudi. Koyote mwenye njaa akifuata nyayo za namna hiyo! Mzaha huo ulikuwa chini ya miguu ya watunzi muda wote.

Ndege mwenyewe ni mdogo kuliko watu wanavyodhani. Ana kama sentimita 55 kutoka mdomoni hadi ncha ya mkia, na uzito wa gramu 300 hivi. Hana bluu ya katuni wala zambarau. Ana michirizi ya kahawia na nyeupe, na kishungi kichwani. Anakula mijusi, wadudu na hata nyoka. Mbio zake hufika kilomita 32 kwa saa. Koyote, mnyama wa jamii ya mbwa anayefanana na bweha wetu, hufika kama 64. Kwa hesabu hiyo filamu ya kwanza ingeisha kabla majina ya watengenezaji hayajamaliza kupita.

Jumla ni filamu ngapi, na mtu anayetaka kuanza aanze na ipi? Watoto wangu wanaangalia zote kwa mchanganyiko, na baadhi naona hazichekeshi kabisa. (Mama wawili, Dodoma)

Hujakosea, dada. Zipo za aina mbili, na kinachozitenganisha ni mwaka.

Ya kwanza, Fast and Furry-ous, ilitoka Septemba 1949. Mwongozaji alikuwa Chuck Jones na mtunzi Michael Maltese, nao walikusudia kuzidhihaki katuni za kukimbizana zilizokuwa zimejaa sinema. Watazamaji wakaupenda mzaha kuliko kile kilichokuwa kinadhihakiwa. Hata hivyo ya pili, Beep, Beep, haikuja hadi 1952, na tangu hapo zikawa zinatoka moja, mbili au tatu kwa mwaka. Kati ya 1949 na 1964 Jones aliongoza 24 za sinema, bila kuhesabu moja ndefu ya dakika 26 hivi iliyotoka 1962. Moja kati ya hizo 24, Beep Prepared ya 1961, iliteuliwa kuwania Oscar. Tuzo ikaenda Yugoslavia, mara ya kwanza kwa katuni isiyo ya Marekani kuichukua.

Warner walipoifunga studio yao ya katuni, kazi ilipewa kampuni ya DePatie-Freleng, nayo ikaigawa kwa wengine. Mwaka 1965 na 1966 zikatoka nyingi kwa haraka, 11 kati yake zikiongozwa na Rudy Larriva. Hizo ndizo unazoziona hazichekeshi. Bajeti ilibana, michoro ikapungua, na katika kumi kati ya hizo 11 muziki haukutungwa kwa kufuata picha: vipande vilirekodiwa mara moja vikawa vinabandikwa filamu baada ya filamu. Koyote anaanguka, na ngoma inaendelea na safari zake kama vile haijapata habari.

Njia rahisi ya kuchuja ni kutazama majina mwanzoni. Ukiona Chuck Jones na Michael Maltese pamoja, kaeni mtazame. Anza na ile ya 1949, kwa sababu karibu kila kitu kimo ndani yake: viatu vya tenisi vinavyoendeshwa kwa nguvu ya jeti, handaki lililochorwa kwenye jabali, na lile jokofu analobeba mgongoni, limefungwa mashine ya kusaga barafu ili imwage theluji mbele ya skii zake katikati ya jangwa. Kisha ruka hadi zile za katikati ya miaka ya 1950, baada ya Maurice Noble kuanza kupanga mandhari. Majabali yanakuwa bapa na ya rangi zisizo za kweli, mbingu inaweza kuwa ya manjano, na jangwa linapata ukubwa ambao lile la 1949, lililochorwa kwa uaminifu zaidi, halikuwa nalo. Kwangu mimi huo ndio wakati wa dhahabu. Za kompyuta zilizoonyeshwa sinema mwaka 2010 zina heshima yake, lakini waachie watoto.

Nasoma uhuishaji mwaka wa pili. Tulipewa zoezi la mhusika anayeanguka kutoka kwenye genge. Nimechora, nimepaka, mwalimu amesema "haina uzito wala haina ucheshi". Koyote akianguka watu wanacheka. Mimi nakosea wapi? (Mwanafunzi, Nairobi)

Bila kuona kazi yako tunakisia, lakini makosa ya zoezi hili yanajirudia kila mwaka. Tuanze na namba, maana kwa Jones kicheko kilikuwa hesabu.

Filamu ya sinema hupita fremu 24, yaani picha moja moja, kwa sekunde, na futi moja ya filamu ya milimita 35 ina fremu 16. Filamu moja ya dakika sita ni futi 540, yaani fremu 8,640. Studio haikuwa na fedha ya kuchora ziada halafu ikate, kwa hiyo mwongozaji aliamua kila kitendo kinachukua fremu ngapi kabla mchoraji hajashika penseli. Jones alieleza kwamba koyote anapoanguka, fremu 18 zinatosha apotee machoni, kisha zinapita fremu 14 ndipo atue. Alisema 13 hazikuchekesha, na 15 hazikuchekesha. Jumlisha 18 na 14: fremu 32, futi mbili kamili za filamu, sekunde moja na theluthi. Kitu kirefu kama genge la Arizona kimekunjwa ndani ya sekunde moja na kidogo.

Sasa hatua. Kwanza weka programu yako kwenye fremu 24 kabla ya kuchora mstari wowote. Ukiwa kwenye 30, zile 18 zinageuka 22 na nusu, na zile 14 zinakuwa 17 na nusu. Nusu fremu haipo duniani. Ukiwa kwenye simu na fremu 12, utapata 9 na 7, ambazo zinaingia vizuri, ila hutaweza kujaribu 13 na 15 uone tofauti kwa macho yako. Na kujaribu huko ndiko kutakufundisha kuliko sisi.

Pili, usimwangushe mara anapovuka ukingo. Mpe muda wa kujua. Anakimbia hewani, anasimama, anapapasa kwa mguu, anakutazama wewe mtazamaji. Mtazamo huo upe fremu 12 hadi 16 bila kitu kingine kusogea isipokuwa kope: fremu mbili za kufumba, mbili zimefumbwa, mbili za kufumbua. Masikio yashuke mwisho. Huko Warner mvutano wa dunia hauna nguvu kwa asiyejua kwamba amesimama juu ya hewa, kwa hiyo uso unaotambua ndio unaofyatua anguko. Wanafunzi wengi huruka hatua hii kwa kuwa "hakuna kinachotokea", na wakiiruka anguko linabaki kuwa ajali tu.

Tatu, kupungua kwa umbo. Hapa ndipo uzito wako umepotelea, tuko karibu na hakika. Ukichukua mchoro mmoja na kuiambia programu iupunguze kutoka asilimia 100 hadi 2 kwa mwendo sawa, utapata puto linalotoa upepo. Kitu kinachoanguka huongeza kasi, na kitu kinachokwenda mbali huonekana kidogo kwa kufuata umbali. Ukifanya hesabu zote mbili kwa pamoja, ukubwa wake katika fremu 18 unakuwa hivi: fremu ya 3 asilimia 42, ya 6 asilimia 16, ya 9 asilimia 8, ya 12 asilimia 4, ya 15 asilimia 3, ya 18 asilimia 2. Ona jinsi zaidi ya nusu ya mwili inavyoliwa katika fremu tatu za mwanzo, kisha kile kidoa kinakaa karibu ukubwa uleule, kikizidi kwenda. Hicho kidoa kinachokataa kuisha ndicho kinachotupa kina cha bonde. Chora kila fremu hapa, usichore moja ukaishikilia kwa mbili.

Nne, zile 14 ni za kimya cha picha. Usiweke kitu. Wala usitikise kamera, wala usimrudie usoni. Mlio wa filimbi unaoshuka unaweza kuendelea ukififia, lakini macho yaachwe na bonde tupu. Tano, vumbi la kutua liwe dogo: duara jeupe lisilozidi mara tatu ya kile kidoa, lifunguke kwa fremu nne au tano, litawanyike taratibu. Kishindo kiwe cha mbali, kama gunia la mahindi lililoanguka nyumba ya tatu. Mchoraji mpya huweka mlipuko unaojaza skrini, na papo hapo bonde la kilomita linakuwa shimo la taka.

Ukimaliza, nakili faili, punguza fremu moja kwenye zile 14, kisha nakili tena uongeze moja. Waonyeshe wenzako watatu bila kuwaambia ipi ni ipi.

Miguu ya Road Runner akikimbia inakuwa kama gurudumu. Nimejaribu, yangu inaonekana kama feni, na miti ya nyuma inacheza-cheza. (Msomaji, Kampala)

Feni inatokana na kuchora duara kamili. Miguu yake si duara safi. Ni ukungu wa rangi ya chungwa wenye mikwaruzo ya brashi kavu, na ndani yake kuna kidole kimoja au kisigino kinachojitokeza mahali tofauti kila fremu. Michoro mitatu au minne inayozunguka inatosha, mradi usiipange kwa mfuatano wa saa, iruke-ruke. Mwili wenyewe karibu usiende popote. Shingo imelala mbele, mkia umenyooka nyuma, na mandhari ndiyo inayopita.

Kuhusu kucheza-cheza kuna sababu mbili, na inawezekana unazo zote. Ya kwanza: mandhari inasogea kila fremu ilhali ndege amechorwa kila fremu ya pili. Anaonekana anateleza mbele na nyuma kama mtu aliyesimama kwenye daladala. Mandhari ikisogea kila fremu, na mhusika achorwe kila fremu. Ya pili ni nafasi kati ya vitu. Kama umepanda vidungusi kila pikseli 120 na mandhari inasogea pikseli 120 kwa fremu, kila kidungusi kinatua pale kilipokuwa jirani yake, na jicho linaona vimesimama. Ikisogea 110, vinaonekana kurudi kinyumenyume polepole. Dawa ni kuvitawanya bila mpangilio, kuvifanya vinene, na kuvipaka ukungu kidogo upande wa mwendo. Ndiyo maana barabara za filamu zile zina mawe machache na mbingu pana. Uvivu haukuhusika.

Mimi na shemeji yangu tunapingana. Yeye anasema kuna sheria zilizoandikwa: ndege hampigi koyote, koyote hasemi, koyote hamkamati. Mimi nakumbuka nimemsikia koyote akiongea! (Msomaji, Mombasa)

Wote mna haki, gawaneni. Jones aliorodhesha sheria katika kitabu chake cha kumbukumbu cha 1989. Ndege hawezi kumdhuru koyote isipokuwa kwa kumshtua kwa "bip-bip". Hakuna nguvu ya nje inayomdhuru koyote ila uzembe wake au ubovu wa bidhaa za Acme, kampuni anayoagizia mitego yake. Ndege hubaki barabarani. Mvutano wa dunia ndio adui mkuu. Koyote aaibike kuliko aumie. Na kadhalika. Lakini Maltese, aliyezitunga hadithi zenyewe, alikuwa ameulizwa kabla ya kitabu hicho kutoka, akasema hajawahi kuzisikia. Tunavyoona sisi, Jones alitazama nyuma akaandika kile ambacho mikono yao ilikuwa imeshazoea kufanya. Kwa hiyo usishangae ukiona sheria imevunjwa. Lori linalomgonga koyote ni nguvu ya nje, na malori hayo ni mengi.

Kuongea: ndani ya filamu za kumkimbiza ndege, koyote kwa kawaida hutumia vibao vya maandishi, ila katika ile ndefu ya 1962 anaongea. Anaongea sana anapopambana na sungura Bugs Bunny, kuanzia Operation: Rabbit ya 1952. Humo ndimo alimojitambulisha kwa mara ya kwanza kwa jina la Wile E. Coyote, kwa lafudhi ya mtu aliyesoma akasahau kurudi nyumbani. Wewe ulikumbuka hizo. Kumkamata: katika filamu za sinema alizoongoza Jones, hapana. Kuna kipande cha televisheni cha 1980 ambapo wote wawili wanapita kwenye bomba linalopungua, wanakuwa wadogo, wanarudi; ndege anarudia ukubwa wake, koyote anabaki kama mdudu. Anaukumbatia mguu wa ndege kama mnazi, kisha anatuinulia kibao kutuuliza sisi tuliotaka siku zote amkamate: sasa afanye nini?

Shemeji aliongeza swali la handaki: kwa nini ndege hupita ndani ya handaki la rangi na koyote anagonga mwamba? Tunajibu kwa hisia, si kwa andiko. Ndege hajui ni mchoro. Koyote anajua, kaupaka mwenyewe. Ni ile ile sheria ya ukingo: asiyejua anapita. Kisha kwenye filamu nyingine likatoka lori kutoka ndani ya mchoro wa namna hiyo, na nadharia yetu yote ikaanguka.

Ile "bip-bip" ni sauti ya Mel Blanc? Na mbona kwenye DVD yangu inasikika nyembamba kuliko mtandaoni? (Msomaji, Zanzibar)

Si ya Blanc, aliyeigiza sauti nyingi za katuni za Warner. Ni ya Paul Julian, mchoraji wa mandhari. Alikuwa na kawaida ya kutoa mlio huo akipita kwenye korido za studio na mchoro mkubwa uliomziba mbele, watu wampishe. Wakamwita arekodi, na Treg Brown, fundi wa sauti, akautumia tangu filamu ya kwanza. Ukisikiliza kwa makini utagundua hauanzi na "b". Ni kama "hmip, hmip", puani.

Wembamba wa DVD yako una maelezo. Televisheni zetu za Tanzania na Kenya zilifuata mfumo wa PAL, wenye fremu 25 kwa sekunde, na njia ya kawaida ya kuingiza filamu ya fremu 24 ilikuwa kuikimbiza tu. Asilimia 4 inaongezeka. Filamu ya dakika 6 inaisha kwa dakika 5 na sekunde 46, na sauti inapanda kama robo tatu ya nusu-toni. Zile fremu 14 za Jones bado ni 14, ila zinachukua sekunde 0.56 badala ya 0.58. Ukichezea diski kwenye kompyuta, programu nyingi zina sehemu ya kasi: weka 0.96. Hakikisha kitufe cha "kulinda kimo cha sauti" kimezimwa, la sivyo kasi itarudi na sauti itabaki nyembamba.

Na kwa kuwa uko kwenye masuala ya sikio: ukiona filamu ya 1958 ambayo muziki wake ni wa kubandika na jina la mtunzi ni John Seely, diski yako haina kosa. Wanamuziki walikuwa wamegoma mwaka huo. Katika nyingine utawasikia watunzi wa muziki wa Warner, Carl Stalling na baada yake Milt Franklyn, wakiichomeka ngoma ya wachekeshaji ya Smetana, mtunzi wa Kicheki, kila mbio zinapopamba moto.

Televisheni yangu mpya inamkata koyote masikio. (Msomaji, Mwanza)

Umeiweka ijaze skrini. Picha ya filamu hizi ina upana wa 1.37 kwa kimo cha 1. Skrini yako ni 1.78. Ukiilazimisha ijae kwa kuikuza unapoteza asilimia 23 ya kimo, juu na chini, na chini ndiko vumbi la kutua linakopatikana. Ukiinyoosha kwa pembeni, koyote anakuwa mnene kwa asilimia 30, na koyote mnene amepoteza sababu ya kukimbiza mtu: Jones alimtoa kwenye kitabu cha safari cha Mark Twain cha 1872, alimosawiriwa kama mnyama mkondefu mwenye njaa isiyoisha. Chukua rimoti, tafuta ukubwa wa picha, chagua 4:3. Kwenye skrini ya 1920 kwa 1080 utaona mihimili miwili myeusi, mmoja kila upande, wenye upana wa pikseli 240. Iache.

Acme ni kampuni ya kweli? (Msomaji, Maskati)

Jina ni la kweli, ni la kampuni nyingi mno. Ni neno la Kigiriki lenye maana ya kilele, na kwa kuwa linaanza na A lilikaa mwanzoni mwa vitabu vya simu, kwa hiyo maduka ya Marekani yalilipenda. Wachora katuni wana lao pia: hadi leo kipimo kimoja cha matundu ya kushikilia karatasi ya uhuishaji, tundu la duara katikati na mawili marefu pembeni, huitwa Acme.

Nimeona mtandaoni "mchoro halisi wa 1952" wa Road Runner juu ya plastiki, bei si ya kutisha. Ninunue? (Msomaji, Toronto)

Bei isipotisha, ogopa. Seluloidi za Warner za miaka ile ni adimu, maana nyingi zilioshwa zitumike tena au zikatupwa. Kinachouzwa kwa wingi ni nakala za mapambo. Muombe muuzaji picha ya nyuma na ya ukingo. Iliyotumika kwenye kamera ina matundu ya pini, namba ya mchoro pembeni iliyoandikwa kwa mkono, mistari ya wino mbele yenye unene usio sawa, na rangi iliyopakwa kwa nyuma ikiwa na alama za brashi. Ikiwa na namba kama 120/500, ni toleo la kuuzwa kwa watu, halijawahi kuona kamera. Ikiwa mistari ina unene mmoja na rangi ni laini kama kibandiko cha gari, imechapwa.

Ukipata ya kweli, usiibandike kwenye kioo cha fremu, weka nafasi kati yake na kioo. Usiitundike penye jua. Kisha inuse kila baada ya miezi michache. Plastiki ya asetati ikianza kuoza hutoa harufu ya siki, na mvuke huo huozesha za jirani. Ikinuka, itenge na nyingine siku hiyohiyo.